Kutupa Uchawi, Kutafuta Mtu: Mfululizo wa Bwana Msa na Msomaji Chipukizi wa Uwanda wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mfululizo wa riwaya za Bwana Msa, ulioandikwa na Muhammed Said Abdulla, unavyosomeka kutoka Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Katika Kiswahili cha karne ya 20, mfululizo huo ndio uliompa msomaji chipukizi kitu kilicho karibu zaidi na fantasia ya vitabu vingi yenye mhusika mmoja, ingawa kila kitabu hujenga ajabu kwa lengo la kuivunja. Kwa kutumia dhana ya kusita ya Tzvetan Todorov na uchambuzi wa nomino *mzimu* na *wanga*, makala yanaonyesha kwamba mfululizo huo humwondolea msomaji hofu ya mzimu lakini humwachia swali la “nani?”. Katika jamii ambamo swali hilo linaweza kugharimu maisha ya mtu, tofauti kati ya kulijibu kwa ushahidi na kulijibu kwa ramli ni jambo ambalo ufundishaji wa fasihi hauwezi kulipuuza.

1.0 Utangulizi

Wasomaji wengi wa mataifa mengine hukumbuka ujana wao kwa mfululizo fulani wa vitabu vya kifantasia. Kizazi cha mwanzoni mwa karne hii kilikua na vitabu saba vya Harry Potter, vilivyotoka kati ya mwaka 1997 na 2007. Kizazi kilichotangulia kilikua na juzuu tatu za *The Lord of the Rings* za J. R. R. Tolkien, zilizotoka mwaka 1954 na 1955. Sifa ya mfululizo wa aina hii ni kwamba msomaji hurudi mara kwa mara katika ulimwengu uleule, akiwa amekua kidogo kila anaporudi, na ulimwengu huo humfunza namna ya kuusoma ulimwengu wake mwenyewe.

Fasihi ya Kiswahili haikosi ajabu. *Mazungumzo ya Alfu-Lela-Ulela* yaliingia katika vitabu vya shule enzi za ukoloni. Shaaban Robert, katika *Adili na Nduguze* (1952), aliwafanya ndugu wawili kuwa manyani kwa nguvu za jini. Euphrase Kezilahabi, katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), aliuacha kabisa uhalisia uliompa jina. Hata hivyo, kazi hizo si mfululizo unaomfuata mhusika mmoja kwa miaka mingi mbele ya msomaji kijana. Mfululizo uliofanya hivyo ni ule wa Bwana Msa: *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984).

Wahakiki wameziweka riwaya hizi katika kundi la upelelezi, na wameeleza kwa kirefu athari ya Sherlock Holmes juu yake: Bwana Msa ana kiko chake, Najum ni mwandani anayestaajabu, na Spekta Seif ni polisi anayehitaji msaada. Makala haya hayapingi uainishaji huo. Yanauliza swali jingine: riwaya hizi zinafanya nini kwa msomaji ambaye mzimu na uchawi kwake ni mazungumzo ya nyumbani, na ambaye mji wake wenyewe umepewa jina linalohusu uchawi? Mjadala umejengwa juu ya usomaji wa mfululizo, wa jina la mahali na wa rekodi za kiethnografia kuhusu Ufipa. Msomaji chipukizi anayetajwa ni nafasi ya usomaji, yaani mahali mtu anaposimama anapofungua kitabu.

2.0 Ajabu, kioja na kusita

Istilahi za Kiswahili katika eneo hili bado zinatofautiana. *Fantasia* limekubalika kwa upana. *Njozi* huelekea zaidi kwenye ndoto na maono. Na *uhalisia mazingaombwe*, ambalo hutumiwa katika uhakiki wa riwaya za kuanzia miaka ya 1990, lina tatizo lake. Katika matumizi ya kawaida, mazingaombwe ni kiinimacho: mtazamaji anajua kwamba kuna hila ingawa haioni. Istilahi hiyo kwa hiyo inabeba ndani yake shaka juu ya ajabu ileile inayoieleza.

Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, aliiweka shaka hiyo katikati ya nadharia. Kwake, fantasia hudumu kwa muda ule ambao msomaji anasita kati ya maelezo mawili ya tukio moja. Iwapo mwishoni tukio linaelezeka kwa kanuni za dunia ya kawaida, kazi huangukia upande ambao makala haya yanauita *kioja*. Iwapo msomaji analazimika kukubali kanuni mpya za dunia, kazi huangukia upande wa *ajabu*. Katikati ya pande hizo mbili kuna *kusita*, nako ndiko fantasia yenyewe.

Kwa kipimo hiki, riwaya mbili za kwanza za Abdulla ni fantasia kwa sehemu kubwa ya kurasa zake na kioja katika kurasa za mwisho. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kifo cha mwenye shamba kinafungamana na mzimu ambao watu wanauogopa. Katika *Kisima cha Giningi*, jina la kisima linaamsha Giningi ya masimulizi ya visiwani, mji usioonekana wa wachawi na mashetani. Msomaji husita. Kisha Bwana Msa huwasha kiko, huuliza maswali, na muuaji hupatikana: binadamu mwenye sababu za kibinadamu zinazohusu nasaba, mali na siri za ukoo.

Nadharia ya Todorov, hata hivyo, humchukulia msomaji kuwa mtu asiyeamini kwa kawaida, ambaye ajabu humtikisa kwa muda. Msomaji wa namna hiyo si wa pekee. Kwa msomaji ambaye mzimu ni sehemu ya maelezo yanayokubalika nyumbani, kusita kunaanzia upande wa pili: kinachohitaji kuthibitishwa ni kwamba mzimu haukuhusika. Hapo ndipo mahali anapotoka msomaji panapokuwa suala la kinadharia.

3.0 Uwanda na jina lake

Ufipa ni uwanda wa juu kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Sehemu kubwa yake ni nyasi wazi zenye miti michache, na mji wa Sumbawanga umekaa chini ya milima ya Mbizi, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kifipa ni miongoni mwa lugha za Kibantu za kanda ya M, pamoja na jirani zake Kimambwe na Kilungu. Kiswahili kilifika kwa njia ya biashara ya ziwani, kwa wamisionari wa White Fathers walioanzia Karema mwaka 1885, na hatimaye kwa shule.

Maelezo ya jina la Sumbawanga yanayorudiwa na wenyeji na kuandikwa mara nyingi ni kwamba *sumba* ni amri ya kutupa, na *wanga* ni uchawi: “tupa uchawi”. Etimolojia za majina ya mahali huhitaji tahadhari, maana watu huweza kulifasiri jina upya baada ya asili yake kusahauliwa. Linalohusu makala haya ni kwamba ufafanuzi huo unaishi, na kwamba unasikika tofauti katika lugha mbili.

Msemaji wa Kiswahili husikia katika nusu ya pili ya jina wingi wa *mwanga*: mtu anayewanga, mchawi wa usiku. *Wanga* kwake ni watu, nomino ya ngeli ya kwanza na ya pili, ingawa Kiswahili kinalo pia neno *uwanga* au *uanga* kwa ile kazi yenyewe. Katika lugha za kanda ya M hali ni nyingine. Kibemba, kwa mfano, kina *ubwanga*: dawa au kitu chenye nguvu ya siri. Hiyo ni nomino ya ngeli ya 14, na inarejelea kitu, wala haimrejelei mtu. Ufafanuzi wa wenyeji wa Sumbawanga unaendana na maana hii ya pili, kwa kuwa kinachoamriwa kutupwa ni uchawi. Tofauti ya ngeli inakuwa tofauti ya maadili. Anayesikia “watupe wachawi” amepewa ruhusa ya kumwondoa jirani. Anayesikia “tupa dawa hizo” ameagizwa aache kitu mlangoni kisha aingie mjini.

Historia ya uwanda huu inaonyesha kwamba tofauti hiyo haikuwa ya maneno matupu. Mwanaanthropolojia Roy Willis, katika makala yake ya mwaka 1968, alieleza harakati za Kamcape zilizopita Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndugu wa harakati za Mchape zilizotoka Nyasaland katika miaka ya 1930. Wanakijiji walikusanywa, vifaa na dawa zilizodhaniwa kuwa za kichawi zikatolewa, na watu wakapewa kinga ya dawa. Kazi hiyo haikukosa vitisho na fedheha kwa walionyoshewa kidole. Hata hivyo mantiki yake ilikuwa kutenganisha kitu na mtu: kitu kitupwe, mtu abaki kijijini.

Katika utani wa Watanzania, mambo yamegeuzwa. Sumbawanga hutajwa kama mji wa radi zinazotumwa na waganga wasioshindwa, na mwanafunzi anayetoka huko hukaribishwa kwa mzaha huo anapofika shule ya mbali au chuo. Uwanda wa juu ulio wazi hupigwa na radi nyingi wakati wa mvua. Jambo la hali ya hewa limefanywa sifa ya watu. Msomaji chipukizi wa Ufipa kwa hiyo ana hali isiyo ya kawaida: anasoma fantasia huku yeye mwenyewe akiwa ameshageuzwa mhusika katika fantasia ya wengine.

4.0 Unguja kama ulimwengu wa pili

Katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 kuhusu ngano za ajabu, Tolkien alisema kwamba mtunzi wa fantasia huumba ulimwengu wa pili ambao akili ya msomaji huweza kuingia na kukuta kila kitu kikiafiki sheria zake. Wahakiki hawajawa na sababu ya kulitumia wazo hilo kwa Abdulla. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akahariri jarida la *Mkulima*, na aliandika kuhusu Unguja aliyoijua barabara barabara na shamba kwa shamba. Kwa msomaji wa Zanzibar, mandhari ya Bwana Msa ni uhalisia mtupu, na kinachotisha ni mzimu.

Kwa msomaji wa Ufipa, uwiano huo hupinduka. Karafuu zilizoanikwa, minazi, kanzu za jioni na mtindo wa kuamkiana mlangoni ni mambo ambayo mtoto wa nyasi na ulezi hukutana nayo kwanza katika kitabu. Mzimu ndio unaomfahamikia. Hadithi za nyumbani zinamweleza kuhusu mahali pasipokatwa kuni, na chatu ni mnyama ambaye Willis, katika *Man and Beast* (1974), alionyesha nafasi yake takatifu katika fikra za Wafipa kama kiumbe anayehusiana na roho za nchi. Kwa hiyo ulimwengu wa pili anaouingia msomaji huyu ni nyumba ya Bwana Msa, na kitu anachokitambua humo ni hofu.

Hata lugha hushiriki katika kuujenga ulimwengu huo. Kiswahili cha Abdulla ni Kiunguja kilichojaa methali, tashtiti na maneno ya Kiarabu ambayo shule za bara hazikuyafundisha kwa mazungumzo. Mtoto aliyejifunza Kiswahili darasani hukutana na lugha yenye vyumba vya siri. Anapofika *Mwana wa Yungi Hulewa*, jina la kitabu lenyewe ni fumbo kabla ya fumbo. Mvuto wa mfululizo, kwa msomaji wa namna hii, unatokana kwa kiasi kikubwa na hali ya kuingia polepole katika lugha ya watu wengine mpaka ianze kuwa yake.

Kuna gharama pia. Msomaji anayejifunza kwamba mambo ya kuandikwa vitabuni hutokea Unguja anaweza kujifunza, bila kuambiwa, kwamba hayatokei Laela, Matai wala Namanyere. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 6.0.

5.0 Kutoka mzimu hadi mtu

Suluhisho la riwaya ya Bwana Msa linaweza kuelezwa kisarufi. Nomino *mzimu* ni ya ngeli ya tatu. Ikimaanisha mahali pa matambiko hupatana na *u-*: mzimu umeharibika. Ikimaanisha kiumbe, upatanisho huyumba. Wapo wanaosema mzimu umetokea, na wapo wanaoupa *a-* ya viumbe hai. Mwanzoni mwa upelelezi, mtendaji wa kitendo cha kuua yumo katika ngeli hii inayoyumba. Mwishoni, kitenzi kilekile kimepata kiima kisichoyumba: mtu amemuua. Kazi yote ya Bwana Msa ni kuhamisha upatanisho kutoka *u-* hadi *a-*.

Majina ya vitabu yanafuata njia hiyohiyo. Katika jina la kwanza, *mzimu* ndio neno kuu na *watu* ni wamiliki wake wa zamani. Katika jina la tatu mzimu umetoweka, nao watu wamebaki peke yao duniani. Jina la mwisho linamtaja mpelelezi mwenyewe, na linamtaja kwa kosa. Majina hayatoshi kuwa hoja, lakini yanaashiria mwelekeo ambao vitabu vyenyewe vinauthibitisha: vitisho vya kimzimu vina uzito zaidi katika riwaya mbili za mwanzo, na baadaye fumbo hukaa ndani ya ukoo, ndoa na tamaa.

Usomaji uliozoeleka huuona mwelekeo huu kuwa ushindi wa mantiki dhidi ya ushirikina. Usomaji huo ni sahihi kwa kiasi, lakini haujajibu swali moja. Mantiki ya uchawi nayo hutoka kwenye tukio hadi kwa mtu. E. E. Evans-Pritchard, katika utafiti wake wa mwaka 1937 kuhusu Waazande, alieleza ghala lililowaangukia watu waliokaa chini yake. Waazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini ghala lianguke wakati ule na juu ya watu wale, na jibu lilimhusu mtu. Radi inapopiga nyumba moja na kuiacha ya pili, swali linaloulizwa ni hilohilo. Mganga na Bwana Msa, kwa mtazamo huu, wote wawili wanajibu “nani?”.

Tofauti yao iko katika njia, na ina sehemu tatu. Kwanza, Bwana Msa huanza na “vipi?”. Kabla ya kumtaja mtu, lazima ijulikane nani alikuwa wapi, mlango ulifunguliwa namna gani, na kitu gani kiligusa mwili. Ramli huruka hatua hiyo. Pili, ushahidi wake unaweza kuonwa na wengine: Najum na Spekta Seif wanaona vitu vilevile anavyoviona yeye, hata wasipovielewa. Jibu la ramli humtegemea mpiga ramli. Tatu, Bwana Msa anaweza kukosea, na mfululizo unakubali jambo hilo kiasi cha kuliweka kwenye jalada. Bwana Msa, tofauti na Holmes, ni mtu wa kubahatisha, kurudi nyuma na kuanza upya, na msomaji anayemfuata kitabu baada ya kitabu hujifunza kwamba jina la kwanza linalotajwa aghalabu si la mkosaji.

Somo hili la tatu lina uzito mkubwa nje ya kitabu. Ripoti za haki za binadamu nchini Tanzania zimeorodhesha kwa miaka mingi mauaji ya wazee, hasa wanawake, waliotuhumiwa uchawi. Katika visa vya aina hiyo, jina la kwanza lililotajwa ndilo lililokuwa la mwisho. Kijana aliyekwisha kuona katika riwaya kadhaa kwamba anayeonekana kuwa mkosaji katika sura za mwanzo hugeuka kuwa asiye na hatia amepata zoezi la kusubiri. Riwaya haiwezi kuzuia mauaji. Inaweza kumzoeza msomaji hali ya kutokuwa na hakika bila kukimbilia kumtaja mtu.

Lakini mfululizo una mpaka wake, na mpaka huo haujajadiliwa vya kutosha. Kanuni ya riwaya ya upelelezi inadai mkosaji. Katika ulimwengu wa Bwana Msa hakuna fumbo linaloishia kwa jibu kwamba radi ilipiga tu. Mzimu hutupwa, ila dhana kwamba nyuma ya msiba kuna mtu hubaki salama, na pengine huimarika. *Duniani Kuna Watu* ni jina la riwaya. Ni pia kauli ambayo mtu huitoa barazani anapomshuku jirani. Mwalimu anayezifundisha riwaya hizi kama dawa ya ushirikina bila kuonyesha mpaka huu anamfundisha mwanafunzi nusu ya somo.

6.0 Mfululizo uliokosekana

Kuna njia ya tatu, nayo imo katika jina la Sumbawanga likisikika kwa masikio ya uwanda. Ramli huhifadhi uchawi na humtoa mtu. Riwaya ya upelelezi hutupa uchawi na pia humtoa mtu, ingawa kwa haki zaidi. Amri ya “tupa uchawi”, katika maana ya kitu, hutupa uchawi na kumbakiza mtu. Aina ya fasihi inayoweza kuisimulia njia hii ni fantasia yenyewe, kwa kuwa katika fantasia uovu unaweza kuwekwa ndani ya kitu kinachoshikika. Hadithi kuu ya juzuu tatu za Tolkien ni safari ndefu ya kwenda kuitupa pete ndani ya moto. Wasomaji wa dunia nzima wamekua na hadithi hiyo. Mji ulioko chini ya milima ya Mbizi unaibeba katika jina lake.

Malighafi ya mfululizo wa namna hiyo ipo. Simulizi ya Milansi, ambayo Willis aliichambua mwaka 1967, inaanza na Ntatakwa aliyeshuka kutoka angani. Kisha wanakuja wanawake watatu wageni wa Watwaci, mfalme akiwa mawindoni, na kiti cha ufalme kinabadilisha mikono kwa mapatano yanayomwachia Milansi mamlaka ya kitambiko. Kuna mabaki ya tanuri ndefu za kuyeyushia chuma. Kuna chatu wa roho za nchi. Na kuna mkusanyo wa sanaa ya maneno ya Wafipa aliouchapisha Willis mwaka 1978, ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa *Alikuwako Mtu Fulani*.

Kukosekana kwa mfululizo huo hakuwezi kuelezwa kwa upungufu wa vipaji peke yake. Sababu moja ya kimfumo inahusu umri na lugha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977 uliwaingiza watoto wengi zaidi katika usomaji wake. Lakini mwanafunzi anapomaliza darasa la saba na kuingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza. Umri huo, wa miaka 12 hadi 15, ndio ambao kwingineko duniani msomaji huzama katika mfululizo wa fantasia. Mtoto wa Ufipa, ambaye huenda alianza na Kifipa nyumbani na kukamilisha Kiswahili darasani, huhamishwa lugha ya tatu wakati uleule ambao hamu ya vitabu vinene inaiva. Kiswahili hubaki somo, na riwaya zake husomwa kwa ajili ya mtihani. Mchapishaji anayemtafuta msomaji wa mfululizo humkuta ameshagawanywa: usomaji wake wa lazima uko katika lugha moja, na wepesi wake wa kusoma kwa raha uko katika nyingine.

Sababu ya pili inahusu mahali. Fantasia ya Kiswahili ilirithi jini, Giningi na bahari kutoka pwani, na riwaya za majaribio za kuanzia miaka ya 1990 zilijenga nchi zisizo na jina. Bara lenye majina yake lilibaki nje ya pande zote mbili. Abdulla alionyesha kwamba shamba moja la Unguja, likitajwa kwa usahihi, linaweza kubeba vitabu saba. Somo hilo la ufundi halijahamishiwa nyanda za juu za kusini magharibi.

7.0 Hitimisho

Mfululizo wa Bwana Msa, ukisomwa kutoka Ufipa, unafanya kazi tatu. Unaigeuza Unguja kuwa ulimwengu wa pili, na hivyo kumpa mtoto wa bara Kiswahili chenye kina kuliko cha darasani. Unauondoa mzimu katika nafasi ya mtendaji na kumzoeza msomaji kudai “vipi?” kabla ya “nani?”. Na unaiacha bila kuguswa imani kwamba kila msiba una mwenyewe. Kazi mbili za kwanza zinastahili kuendelea kuwapo katika mitaala. Ya tatu inahitaji kujadiliwa waziwazi darasani, hasa katika maeneo ambamo tuhuma ya uchawi si jambo la vitabuni.

Kwa upande wa nadharia, makala yameonyesha kwamba kusita kwa Todorov kunabadilika mwelekeo kulingana na anachokiamini msomaji, na kwamba ngeli za nomino za Kibantu zinaweza kumsaidia mhakiki kuona ni wapi uwajibikaji umewekwa: katika kitu, katika roho au katika mtu. Uchunguzi wa maneno ya uchawi katika lugha za kanda ya M, uliofanywa na wasemaji wenyewe, ungelipanua jambo hili zaidi ya mfano mmoja wa jina la mji. Nao waandishi wa fantasia watakaotoka uwandani watakuwa na fumbo lililo tayari: namna ya kukitupa kitu bila kumtupa aliyekishika.